Kiswahili ya Kitabu

Mto Lamia, pale tulipousimamia, haukuzidi upana wa uwanja wa netiboli. Huku ni Uganda, wilaya ya Bundibugyo. Kule ni Kongo. Katikati ni maji ya milimani, yana haraka zake, yanagonga mawe na kupita. Mwanamke wa ng'ambo alikuwa anafua, kitenge kifuani, beseni la buluu kando yake. Akainua kichwa, akatutazama kitambo, akapaza sauti.

"Weye mama! Unatokaka wapi?"

Mke wangu akajibu kabla sijatambua kwamba tumeulizwa kitu.

"Miye ni mutoto ya Bunia!"

Bunia ni mji wa huko Kongo. Yaliyofuata yalichukua kama dakika ishirini, na mimi niliambulia neno moja katika matatu. Mimi, mtoto wa Tanga. Mimi ninayefundisha Kiswahili siku tano kwa wiki, niliyenunua kalamu nyekundu kwa dazeni. Nilisimama kwenye kokoto nikisikia Kiswahili kinavuka mto kwenda na kurudi, nisikipate.

Sehemu moja tu niliipata yote, kwa sababu ilikuja pamoja na kidole kilichonielekea.

"Na ule bwana, anasemaka nini?"

"Huyo?" Mke wangu hakugeuka hata kunitazama. "Anasemaka Kiswahili ya kitabu."

Wakacheka. Yule wa ng'ambo alicheka mpaka akashika magoti. Mke wangu alicheka kwa sauti nene, ya tumboni, na mimi nikatabasamu kama mtu aliyeelewa utani.

Wiki sita zimepita na kicheko kile hakijanitoka.

Mayai sita

Nirudi asubuhi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Watoto tuliwaacha Kampala kwa dada yangu, tukaazima gari dogo la jirani, tukalala Fort Portal. Mpango ulikuwa wangu wote. Nilikuwa nimeuandika kwenye karatasi, kwa saa: alfajiri kuondoka, saa tatu chemchemi za maji moto za Sempaya, saa saba chakula cha mchana, saa tisa matembezi ya mtoni, jioni kurudi. Mke wangu aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Sawa, mwalimu," alisema.

Huniita "baba watoto" siku za kawaida. "Mwalimu" huja siku nyingine, na hadi safari hii nilikuwa naihesabu kuwa heshima.

Barabara ya kutoka Fort Portal kwenda Bundibugyo, wanaoipita wanaijua. Unapanda, unazunguka, na ghafla mlima unaisha, bonde lote la Semliki linakufungukia chini, kijani mpaka macho yanakoma, na Kongo imejilaza ndani ya ukungu. Karugutu tulisimama kununua mayai, maana kila aliyewahi kwenda Sempaya hukuambia uende na mayai. Mke wangu alinunua sita. Muuzaji aliyatia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, mke wangu akayatoa mule, akayaviringisha moja moja ndani ya mtandio wake.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha jeshi. Askari akainama dirishani: "Habari ya safari, mzee? Mnaelekea wapi?" Kiswahili kilichonyooka, cha kambini. Huku ndiko Kiswahili kilikokaa miaka mingi nchini humu, midomoni mwa watu wenye bunduki, na ndiyo sababu wazee wengi wa Kampala wakikisikia hadi leo huangalia mlango uko wapi. Mimi husahau jambo hilo. Kwetu Kiswahili ni sauti ya bibi na ya muuza kashata.

Mke wangu hakusema neno kwenye kile kizuizi. Nilijibu mimi, tukapita.

Sikulifikiria wakati ule.

Nyuzi 103

Hifadhi ya Semuliki, zilimo chemchemi hizo, si kubwa, kilomita za mraba 220 tu, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1993. Lakini ukiingia unajua umetoka Afrika Mashariki. Msitu wake ni ncha ya msitu wa Ituri, yaani msitu wa Kongo umevuka mpaka ukanyoosha kidole upande huu. Joto ni la kushikika kwa mkono. Hondohondo wanapita juu na mabawa yao yanavuma kama mtu anayepunga mkeka. Mlangoni nililipa kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi, jambo la kushukuru kwa mwalimu.

Kijana aliyetuongoza alizaliwa karibu na pale. Alituuliza tunataka lugha gani, nikasema Kiswahili, akafurahi, akaanza. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kama cha mke wangu kilivyokuwa siku nilipomjua. Nikamwona mke wangu anatembea karibu naye zaidi kuliko nami.

Chemchemi ziko mbili, ya kike na ya kiume. Ya kike ndiyo ya karibu. Unaisikia kwanza harufu, ile ya mayai viza, harufu ya salfa. Kisha miti inaachana na unaona uwanda wa mawe meupe na ya manjano, unafuka moshi, na katikati tundu linalotema maji kwenda juu bila kupumzika. Maji yanatiririka kwa vijito vyembamba juu ya mawe, na kando ya vijito kuna vidimbwi vidogo vinavyotokota kama sufuria za shughuli.

"Hapa maji iko nyuzi mia moja na tatu," alisema yule kijana.

Nami nikafungua mdomo.

Inabidi nieleze: kazi niliyoajiriwa Kampala ni fizikia. Kiswahili niliongezewa baadaye kwa sababu natoka Tanga, na baada ya Baraza la Mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima mashuleni, mwalimu mkuu aliniongezea vipindi bila kuniongezea kitu kingine. Kwa hiyo ninazo kalamu nyekundu mbili.

Nikamweleza kijana wa watu kwamba tuko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kwamba kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwamba hapa maji safi yanachemka kwenye nyuzi 97 na kitu, na maji yanayochemka wazi hayapandi zaidi ya hapo, yanageuka mvuke. Kwa hiyo 103 haiwezekani. Na tena, nikaongeza, hatusemi "maji iko", tunasema "maji yako", au tuseme tu maji yana nyuzi kadhaa.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Sawa, mzee," alisema. "Lakini mayai hawajui."

Akachukua mayai kwa mke wangu, akayatia kwenye kikapu chenye mpini mrefu, akakitumbukiza kwenye dimbwi. Tulisubiri dakika kumi. Mke wangu hakunitazama. Alikuwa amejiinamia anaangalia viputo, na nilidhani mvuke ndio uliomfanya apepese macho.

Mayai yaliiva vizuri mno, kiini kimeshikana, na yakaacha chumvi kidogo ulimini ambayo hatukuitia. Kijana alikula mawili, mimi mawili, mke wangu moja. La sita alilirudisha kwenye mtandio.

Tuliporudi Kampala nilisoma zaidi juu ya pale. Wanajiolojia wanaiita sehemu hiyo Buranga, na ni moja ya maeneo manne ambayo Uganda inayatazama kwa ajili ya umeme wa jotoardhi, pamoja na Katwe, Kibiro na Panyimur. Mvua inayonyesha juu ya Rwenzori inazama kwenye nyufa, inashuka mbali chini, inapata moto, kisha inapanda kwenye ufa mkubwa wa Bwamba ulio mguuni mwa mlima. Kwenye uso maji yamepimwa kama nyuzi 98. Hapo nilikuwa sahihi. Lakini kule chini, ambako uzito wa maji yenyewe unayazuia yasichemke, wanakadiria nyuzi 120 hadi 150.

Tundu ni hilo hilo na maji ni yale yale, ila jibu linategemea umesimama wapi. Hilo ningemwambia mwanafunzi wangu yeyote. Kwa yule kijana halikunijia.

Bintente na Nyansimbi

Kwenda chemchemi ya kiume unapita msituni, kisha juu ya daraja refu la mbao lililopita kwenye kinamasi, mikindu kushoto na kulia. Njiani kijana alitupa hadithi. Nimeikuta baadaye kwa namna tofauti kidogo kidogo, lakini mifupa yake ni hii.

Zamani wanawake waliokwenda kutafuta kuni walimkuta mwanaume amejaa manyoya mwili mzima, kavaa nguo ya gome la mti, mkononi ana mkuki. Hawakujua katoka wapi. Wakampeleka nyumbani. Jina lake Bintente. Akakaa na watu, akaoa, mke wake Nyansimbi. Siku moja akaenda kuwinda asirudi. Watu wakamtafuta, wakaukuta mkuki wake tu, umesimama pale penye chemchemi ya kiume. Mke hakukubali. Akatoka kumtafuta mumewe peke yake, naye hakurudi. Nguo zake zilionekana penye chemchemi ya kike. Mpaka leo watu wa ukoo wa Bamaga wanakwenda kufanya mila pale, wanaume kwenye ya mume, wanawake kwenye ya mke.

"Alikuwa anasema lugha gani?" mke wangu aliuliza.

Kijana akasimama. "Nani, mama?"

"Bintente. Alipofika. Alikuwa anasemaka na hao wanawake lugha gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza, ilionekana. Akafikiri. Akasema labda walimfundisha. Mke wangu akasema labda, au labda alinyamaza.

Chemchemi ya kiume ni bwawa pana kiasi cha mita kumi na mbili, limetulia, linafuka. Halitupi maji juu kama lile jike. Linakaa tu na mvuke wake. Nilipiga picha nyingi. Katika picha zote mke wangu yupo pembeni, amegeuka upande, na mtandio umefungwa kifundo palipo na yai.

Nikaitazama ile karatasi ya mpango. Tulikuwa tumechelewa dakika arobaini, na nikasema hivyo.

Sombe

Mchana tulikula mji wa Bundibugyo. Kando ya barabara yote ya kuingilia mjini kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, na harufu yake haifanani na chokoleti hata kidogo. Ni kali, ya siki, inaingia garini na kukaa. Kwenye mkahawa mhudumu alitutajia vyakula, akafika kwenye sombe.

Sombe ni majani ya muhogo, yametwangwa, yamepikwa mpaka yamesahau kwamba yalikuwa majani. Kwetu Tanga ni kisamvu. Na nyumbani kwetu Kampala pia ni kisamvu, kwa sababu nilisema hivyo mwaka ule wa kwanza wa ndoa, mke wangu alipoweka bakuli mezani na kulitaja kwa jina la kwao. Nilisema kwa upole, nakumbuka. Nilisema, "Kwa Kiswahili ni kisamvu, mama." Akasema, "Aa, kisamvu," na tangu siku ile ni kisamvu.

"Nipe sombe," mke wangu alimwambia mhudumu. "Na bugali."

Ugali, nilisema moyoni. Moyoni tu. Najisifu kwa hilo, ingawa ni sifa ndogo.

Alikula kwa mkono, taratibu, amefumba macho kidogo. Hakuniambia kitu kuhusu sombe ile. Miaka kumi na moja ya ndoa, na nilikuwa nimekaa mbele ya mtu anayekutana na mtu wake.

Saa moja nyuma

Matembezi ya mtoni niliyoyapanga yalikuwa mafupi, maana njia za kweli za msituni hadi mto Semliki wenyewe ni za kutwa nzima, na wengi hulala huko huko. Tulishuka hadi upande wa Busunga, tukaegesha, tukatembea kufuata Lamia. Watu wanapita na mizigo kichwani, ndizi, jerikani, mbuzi mmoja aliyekataa. Askari aliyekuwa chini ya mti alituuliza shida yetu nini, nikamwambia tunatembea tu. Akashangaa kidogo. Akasema tusisogee sana.

Kisha yule mwanamke wa beseni.

Ningependa kuandika kwamba niliyaona yote pale pale. Ukweli ni kwamba kwa dakika tano za mwanzo niliona aibu. Nilikuwa nasikia "batu", nasikia "batoto banasomaka", nasikia "iko" mara ishirini, na kila "iko" ilinipiga hapa penye shavu kama nzi. Nilitamani waseme kidogo kidogo ili askari asisikie. Mke wangu, mama wa nyumba ya mwalimu!

Kisha nikaanza kumtazama badala ya kumsikiliza.

Alikuwa amevua viatu. Mikono yake ilikuwa inasema. Nyumbani mikono yake hukaa mapajani anapoongea nami, na mimi nilikuwa nimeamini huyo ndiye yeye, mwanamke mpole wa maneno machache, mchaguzi wa maneno. Nimewasifia rafiki zangu upole huo. Kumbe alikuwa anachagua maneno kwa sababu yale yanayomjia kwanza yana kalamu nyekundu inayoyangoja.

Aliuliza habari za watu. Yule wa ng'ambo hakuwahi kukaa Bunia lakini alikuwa na ndugu huko. Wakataja mitaa. Wakataja soko. Mke wangu aliondoka Bunia 2003, mwaka ambao mji ule haukukalika kwa vita. Alikuwa msichana. Hakuvukia hapa, alivuka Ziwa Albert kwa boti na shangazi yake. Mambo hayo nayajua kwa sababu yeye huyasimulia kwa sentensi moja, hiyo hiyo, kila akiulizwa. Sentensi ya pili sikuwahi kuiomba. Pale mtoni nilimsikia akimpa mtu asiyemjua sentensi ya pili, ya tatu, ya kumi, na nilizipata nusu nusu, kama redio ya kijijini mawimbi yanapokuja na kuondoka. Nilisikia habari za mbwa. Sijui mbwa gani. Hakuwahi kuniambia walikuwa na mbwa.

Mwisho mke wangu akafungua kifundo cha mtandio, akalitoa yai.

"Unataka yai? Inaivishwa na maji ya shetani!"

"Tupa!"

Yai lililoiva linarushika. Alirudi hatua mbili, akalitupa kwa mkono wa chini kama mtoto anayecheza kombolela, likapaa juu ya maji, na yule mwanamke akatandaza kitenge akalidaka. Askari chini ya mti akapiga makofi. Nikatazama saa, kwa mazoea. Saa kumi kasoro dakika tano. Mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo yai lilifika ng'ambo saa tisa kasoro dakika tano, yaani kabla halijarushwa.

Nilitaka kumwambia mke wangu hilo. Lingemchekesha. Lakini aliponigeukia uso wake ulikuwa bado upo kule, nikaogopa kwamba nikisema kitu utarudi.

Garini

Tulipopanda mlima kurudi, mvua ilianza. Nikauliza, kwa sauti niliyoitengeneza iwe nyepesi, mbona hasemi hivi nyumbani.

Alifuta kioo kwa mtandio. Akakaa kimya mpaka kona mbili zikapita.

"Nyumbani kuna mwalimu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba nyumbani kuna mbwa, kwa hiyo tunaingilia mlango wa nyuma.

Basi. Hatukuongeza neno mpaka Karugutu.

Binti yangu na "yuko"

Kinachonikera si "iko" na "yuko". Kinachonikera ni jioni moja mwaka jana. Tupo mezani. Mke wangu anamwambia mdogo, "Kaka yako iko wapi?" akimaanisha mtoto wa jirani. Binti yetu, miaka minane, akainua kijiko kama fimbo ya ubao: "Mama! Siyo iko. Ni yuko."

Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa fahari. Nilimpapasa kichwa. Niliwaza, huyu katoka kwangu.

Mke wangu alisema, "Yuko." Akainuka kuleta maji.

Nimejitetea sana wiki hizi, hasa usiku. Lugha ina kanuni. Watoto watafanya mtihani, na msahihishaji hatawauliza mama yao alizaliwa wapi. Hayo ni kweli na sijayaacha. Nikikuta "batoto" kwenye daftari nitaweka mstari, na kesho pia.

Lakini kanuni hizo nazijua zilikotoka. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili cha vitabu kitakuwa cha Unguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, ya Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda. Kongo haikuwamo, ilikuwa ya Wabelgiji. Mtu wa Bunia hakuulizwa. Na wala bibi yangu hakuulizwa. Bibi yangu alisema Kimtang'ata, Kiswahili cha pwani ya Tanga, na alikuwa na haki ya kukiita Kiswahili kuliko kamati yoyote.

Darasa la tatu nilichapwa kwa neno nililokwenda nalo shuleni kutoka kwa bibi. Fimbo mbili, kiganjani. Nilirudi nyumbani nikamsahihisha bibi. Alisema, "Haya, mwalimu."

Neno lenyewe nimelisahau. Nimekaa wiki sita nikilitafuta. Nimempigia mama yangu, nimempigia binamu yangu Pangani, nimewaelezea lilikuwa juu ya kitu cha jikoni, au labda cha uani. Hakuna anayelijua.

Simu ya barazani

Mke wangu ana dada yake Bunia. Huongea naye Jumapili jioni, kwa simu, na siku zote hutoka nje, hukaa kwenye kiti cha plastiki barazani na kuvuta mlango. Miaka yote nimedhani anafuata mtandao. Niliwahi hata kubadilisha laini ya simu yake nikanunua ya kampuni nyingine, ili asipigwe na baridi. Alishukuru. Jumapili iliyofuata alitoka nje kama kawaida.

Sijamwambia arudi ndani. Nilikaribia kusema, wiki ya kwanza. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno. Kisha nikajisikia nikiyaandaa, jinsi nilivyokuwa nayapanga yawe sahihi, nikanyamaza. Kibaraza kile ni chake.

Nimejaribu jambo moja dogo tu. Jumatano moja nilirudi nikakuta kanunua majani ya muhogo. Nikasema, "Leo tuna sombe?" Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta mtego uko wapi. "Tuna kisamvu," alisema.

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni na madaftari ya kidato cha pili. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Alikuwa anamsimulia dada yake safari yetu, kwa mara ya pili au ya tatu, maana dada mtu alikuwa anajua pa kuchekea. Safari aliyoisimulia sikuitambua vizuri. Karatasi yangu ya mpango haikuwamo. Kulikuwa na mwanaume wa manyoya asiyejua lugha, kulikuwa na mbuzi aliyekataa kuvuka, na yai lililoruka mpaka Kongo bila pasipoti.

"Ile maji," nilimsikia anasema, "inafikaka nyuzi mia moja na tatu! Mia moja na tatu, miye nakuambia!"

Dada yake akasema kitu. Wakacheka, kile kicheko.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilichukua daftari lililofuata.